Muulize Sista: Mwache Anyonye

Toleo lililopita nilidokeza kwa mstari mmoja tu, nikijibu jambo jingine kabisa, kwamba mtoto mchanga anaweza kunyonya huku akidungwa sindano ya chanjo. Sikujua nimechokoza mzinga. Zimekuja barua za kunishukuru, za kunikosoa, na moja ya nyanya aliyeniambia wazi kwamba nimezeeka vibaya. Nyingi zilitumwa saa nane za usiku, saa ambayo mama wa mtoto mchanga huwa macho, simu mkononi. Waliouliza kuhusu vidonda vya tumbo na presha wanivumilie. Leo ni sindano za watoto mwanzo hadi mwisho.

Kwa mgeni wa safu hii: mimi ni muuguzi mstaafu. Nimefanya kazi miaka 31, mingi katika kliniki za mama na mtoto huku Eastlands, Nairobi. Nilipoanza mwaka 1989, mtoto wa wiki sita alidungwa paja moja, akaenda zake. Mwaka 2011 ikaja chanjo ya nimonia, tukaongeza paja la pili. Mwisho wa 2015 ikaja polio ya sindano. Kwa hiyo mama anayeniambia "sindano zimekuwa nyingi siku hizi" hajakosea hesabu. Magonjwa yanayozuiwa nayo yameongezeka, lakini mtoto yeye anahesabu sindano.

"Sista, salamu. Mwanangu wa kwanza ana wiki tisa. Siku ya sindano za wiki sita nilitaka kumnyonyesha, sista wa zamu akanikemea mbele ya watu: 'Mama, toa hilo titi, atapaliwa!' Wakamlaza chali kitandani, mwanafunzi mmoja akamkandamiza magoti, akadungwa kushoto kisha kulia. Alilia mpaka sauti ikakauka. Mimi nililia naye hadi kwenye steji ya matatu. Jumanne ijayo ni za wiki kumi na silali. Mama mkwe anasema nimpe Calpol, ile paracetamol ya maji, kabla hatujatoka nyumbani. Dada yangu aliye Uingereza anasema huko wauguzi wenyewe ndio huagiza hivyo. Nimewaza kuahirisha mpaka mtoto akomae kidogo. Unasemaje?"
Mama wa kwanza, Umoja

Mama, nianze na la mwisho kwa sababu ndilo la hatari. Usiahirishe. Sindano ya paja la kushoto ina chanjo tano ndani yake, na mojawapo ni ya kifaduro. Kifaduro humkaba mtoto mdogo vibaya kuliko mkubwa. Mtu mzima hukohoa akakasirika, mtoto wa miezi miwili husahau kupumua. Ndiyo maana ratiba imewekwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14: dozi moja haitoshi, na kila wiki unayomngoja akomae ni wiki ambayo yuko na kinga nusu. Nenda Jumanne.

Sasa huyo sista aliyekukemea. Angeweza kuwa mimi. Nimesema maneno hayohayo, "toa titi, atapaliwa," sijui mara ngapi, na kwa sauti hiyohiyo ya kusikika hadi mwisho wa benchi. Tulifundishwa hivyo, na aliyetufundisha naye alifundishwa hivyo. Katika miaka yote hiyo sijaona mtoto hata mmoja aliyepaliwa na maziwa kwa sababu ya sindano, na sikuwahi kujiuliza kwa nini sijamwona.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa msimamo kuhusu maumivu ya chanjo. Daktari mmoja kijana alikuja na karatasi zake kwenye chumba chetu cha chai, saa nne asubuhi, akaziweka kando ya sinia la mandazi. Zilisema mtoto ashikwe na mzazi wake, asilazwe chali; anyonye kabla ya sindano au wakati wenyewe wa sindano; na sisi wauguzi tuache mambo mawili matatu tuliyoyazoea. Nilimwambia huyo kijana, mbele ya wenzangu, kwamba aliyeandika hayo hajawahi kuona foleni ya Jumatatu. Tukacheka.

Lakini karatasi zilinikaa kichwani. Wiki hiyo nikamngoja mama wa mwisho kabisa, wakati chumba kimebaki kitupu na hakuna wa kunishuhudia nikiaibika. Nikamwambia aendelee tu kunyonyesha. Nikadunga. Mtoto alistuka, akaachia chuchu, akalia mlio mmoja wa kukasirika, akaitafuta tena, akaendelea. Nilibaki na pamba mkononi nikingoja kilio kilichobaki. Hakikuja.

Basi Jumanne fanya hivi. Mvalishe nguo ya kufunguka chini, si zile za kipande kimoja zenye vifungo kumi na viwili ambazo mnapewa kwenye sherehe za mtoto. Wewe vaa blauzi ya vifungo au beba leso. Usimnyonyeshe akashiba kwenye matatu. Mtoto aliyeshiba hatataka titi unapolihitaji. Ukikaribia kuitwa, mweke kwenye titi na usubiri mpaka usikie anameza. Mdomo kugusa chuchu hakutoshi, anatakiwa awe ameshika kikamilifu, kidevu kimezama. Akidungwa, usimtoe. Endelea dakika kadhaa baadaye, hata kama sista ameshaita mwingine. Hama tu benchi.

Kuna siri moja ya mikono ambayo sikuisoma popote, niliigundua kwa kuwatazama akina mama. Ukimlaza mtoto kwenye titi la kushoto, tumbo lake likiwa kwenye tumbo lako, paja lake la kushoto ndilo linalobaki juu. Kwenye titi la kulia, ni paja la kulia. Na kwetu Kenya chanjo ya tano kwa moja hudungwa paja la kushoto, ya nimonia la kulia. Kwa hiyo: titi la kushoto, sindano ya kushoto, mgeuze, mpe titi la kulia, ashike, sindano ya kulia. Hakuna haja ya kumpindua mtoto kama chapati. Na mpangilio huo una faida nyingine. Watafiti wa Toronto waligundua mwaka 2009 kwamba mtoto akidungwa ya nimonia mwisho analia kidogo kuliko akianza nayo, kwa sababu yenyewe ndiyo inayochoma zaidi. Inayouma zaidi ije mwisho.

Matone ya mdomoni, ya polio na ya rota (kirusi cha kuhara), omba yatangulie. Ya rota ina utamu, na utamu mdomoni humpoza mtoto dakika chache. Kuna mahali utaambiwa usinyonyeshe nusu saa baada ya matone. Hilo nalo ni la zamani, nyonyesha.

Na ukimkuta yuleyule sista? Usibishane naye. Mwambie kwa utaratibu, kabla hujakaa: "Sista, naomba aendelee kunyonya, nitamshika mguu mwenyewe." Hicho kipande cha kumshika mguu ndicho kitakachomlainisha. Muuguzi haogopi titi, anaogopa mguu unaoruka sindano ikiwa ndani.

Calpol sasa. Dada yako hakukudanganya, na mama mkwe hakukosa busara, ila hapa haitufai. Uingereza tangu 2015 watoto hupewa chanjo ya homa ya uti wa mgongo aina ya B, ambayo mara nyingi huleta homa, ndiyo maana wazazi huagizwa kutoa paracetamol siku hiyo. Chanjo hiyo haimo kwenye ratiba yetu. Kwa chanjo kama zetu, mwaka 2009 ulitoka utafiti wa Jamhuri ya Czech wa watoto 459: nusu walipewa paracetamol mapema, nusu hawakupewa. Homa ilipungua kweli. Lakini walipopima damu, kinga iliyotengenezwa na chanjo kadhaa ilikuwa hafifu kwa wale waliopewa. Halafu dawa yenyewe haimsaidii mtoto ile sekunde ya sindano, kwa hiyo unalipa bila kupata bidhaa.

Usimpe kabla. Jioni akiwa na homa, au akilia kila ukigusa paja, hapo ndipo inapofaa, na kipimo kinatokana na kilo zake zilizoandikwa kwenye kitabu cha kliniki, si umri na si kukisia. Dawa nyingi za maji za watoto zina miligramu 120 kwa kila mililita 5. Mwambie sista akuandikie mililita ngapi, na upime kwa sirinji ya dawa. Vijiko vya nyumbani havifanani. Nimeviona vya kila tumbo.

Paja likivimba, kitambaa safi kilicholowa maji baridi kinatosha. Usikande kwa maji moto na chumvi, usisugue, usipake mafuta ya taa wala dawa ya meno. Kigumu kidogo chini ya ngozi kinaweza kukaa wiki kadhaa, kiache. Lakini akilia saa tatu mfululizo bila kubembelezeka, akilegea, akishikwa na degedege, akikataa kunyonya, akivimba uso au akihema kwa shida, usiniandikie mimi, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Na kwa kuwa hajafika miezi mitatu, homa ya nyuzi 38 na zaidi nayo ionwe na daktari, usiseme "ni ya chanjo tu" ukalala.

Jambo moja la mbele usije ukashtuka: wiki ya 14 ni sindano tatu. Ya polio huingia paja la kulia, karibu inchi moja kutoka ile ya nimonia. Titi la kulia litakuwa na kazi mara mbili.

"Sista, mimi ndiye hupeleka mtoto kliniki kwa sababu mke wangu ana zamu ya mchana Industrial Area. Wanawake hunitazama kama nimepotea njia. Mtoto hunywa maziwa ya mama yake yaliyokamuliwa. Sina titi la kumpa, sasa maneno yako ya kunyonyesha yananisaidia nini? Jirani amenishauri nibebe maji ya glukosi au asali kidogo nimpake ulimini."
Baba wa binti mmoja, Kawangware

Baba, watazame nao, watakuzoea. Mwaka niliostaafu nilikuwa na baba sita wa kudumu, na mmoja alikuwa akijua tarehe za chanjo kuliko mimi.

Asali hapana. Nasema kwa herufi kubwa ingawa mhariri hapendi: HAPANA, mpaka atimize mwaka. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo tumbo la mtu mzima huzishinda, lakini kwa mtoto hutoa sumu inayolegeza misuli hadi ya kupumulia. Glukosi ni hadithi tofauti. Kweli sukari hutuliza maumivu ya mtoto mchanga, na hospitalini hutumika: maji safi yaliyopimwa, sukari kama asilimia 24, mililita moja au mbili, dakika mbili kabla ya sindano. Lakini ile ya kukorogwa kwenye kikombe, kwa maji ya mtungi, kwa mtoto anayetakiwa asipewe kitu ila maziwa hadi miezi sita, mimi siipitishi. Unaweza kumtibu kilio cha dakika moja ukamletea kuhara kwa wiki. Unayo maziwa ya mama yake. Yapeleke, mpe kidogo kidogo wakati wenyewe, na uombe matone matamu ya rota yatangulie.

Kisha una kifua na mikono. Mwaka 2012 madaktari wa Virginia, Marekani, walijaribu jambo ambalo nyanya zetu wangelicheka kwa kuwa wanalijua: watoto wa miezi miwili na wa miezi minne, mara baada ya sindano, walifungwa vizuri kwenye shuka, wakashikwa kwa ubavu, wakapigiwa "shhhh" karibu na sikio, wakabembezwa, wakapewa cha kunyonya. Walitulia upesi kuliko wale waliopewa maji ya sukari peke yake. Kwa hiyo beba leso ya mke wako. Ile aliyolala nayo, isiyofuliwa, yenye harufu yake. Mapaja yakishapanguswa, mfunge, mlaze ubavu kifuani, sauti ya "shhhh" iwe na nguvu kushinda kilio chake, kisha ishuke naye. Usimtikise, mbembee tu. Kidole chako kidogo kilichonawa, ukucha umekatwa, kinamfaa kunyonya kama huna chuchu bandia.

Wakati wa sindano yenyewe mshike wima kifuani pako, miguu imeachwa nje, mkono wako mmoja umeshika magoti kwa uthabiti bila kuminya. Na usiseme "pole".

Najua. Kiswahili bila pole ni nini? Lakini sikiliza chumba cha chanjo siku moja: "pole, pole baba, pole mama, oh pole sana", kwa sauti ile ya matanga. Mtoto haelewi neno, anaelewa sauti, na sauti inamwambia kwamba hata mkubwa wake ameogopa. Walioandika juu ya jambo hili wameona kwamba kubembeleza kwa huruma nyingi huongeza kilio, na kumshughulisha na kitu kingine hupunguza. Imba. Imba chochote. Baba mmoja wa Dandora alikuwa akitangaza mpira, taratibu kabisa, sikioni mwa mwanawe: pasi, pasi, anamtoka mmoja. Sindano ikaingia kabla ya bao.

"Sista, mimi nimelea saba na wote wako hai. Mtoto wa siku arobaini hajui maumivu, anashtuka tu, na kesho hakumbuki. Kilio kinampanua mapafu. Ninyi wa siku hizi mnawadekeza, halafu mnashangaa wakikua hawajui kubeba hata ndoo ya maji. Umezeeka vibaya."
Nyanya, Dagoretti

Nyanya, nakusalimu kwa heshima zote, na kwa hao saba nakuvulia kilemba. La kuzeeka vibaya tutaulizana mbele ya kioo.

Ulilolisema kuhusu mtoto kutojua maumivu si ujinga wa kijijini. Lilikuwa fundisho la madaktari wakubwa wa Ulaya na Marekani. Hadi miaka ya 1980 kulikuwa na hospitali huko zilizowapasua watoto njiti kwa dawa ya kulegeza misuli tu, bila dawa ya kutosha ya kuzima maumivu, kwa hoja hiyohiyo yako: hawajui, hawatakumbuka. Mwaka 1987 daktari Anand na wenzake, Oxford, Uingereza, walichapisha matokeo ya kuwalinganisha njiti waliopasuliwa karibu na moyo wakiwa na dawa kali ya maumivu na wale wasiokuwa nayo. Wale wasiopewa, damu yao ilijaa homoni za hofu na taabu, na matatizo baada ya upasuaji yakawa mengi zaidi. Mwili ulikuwa unajua kila kitu.

Na kukumbuka? Hili litakugusa kwa sababu siku hizi Nairobi wako wanaotahiri mtoto angali hospitalini baada ya kuzaliwa. Mwaka 1997, Toronto, Anna Taddio na wenzake waliwatazama wavulana 87 wakati wa chanjo zao za miezi minne au sita. Waliokuwa wametahiriwa wakiwa wachanga bila ganzi walilia zaidi kwenye sindano kuliko ambao hawakutahiriwa; na waliopakwa krimu ya ganzi siku ya kutahiriwa walikuwa katikati. Miezi minne, Nyanya. Hawezi kukusimulia, lakini paja linakumbuka habari za mahali pengine.

Mapafu yake yalipanuka siku aliyozaliwa, hayangoji sindano.

La ndoo ya maji nakubaliana nawe kabisa.

"Sista, mtoto wangu alidungwa mkononi alipozaliwa. Sasa ana miezi miwili na pametoka kipele chenye usaha. Nipake dawa au nikamue?"
Mama, Kariobangi

Usikamue, usipake, usifunge plasta. Hiyo ni chanjo ya kifua kikuu kwenye mkono wa kushoto wa mbele, na ndivyo inavyofanya kazi: kipele, kidonda kidogo, kisha kovu. Mwoshe kwa maji na umkaushe. Akivimba tezi kwapani au kidonda kikikua badala ya kupona, mpeleke aonwe. Tazama mkono wako mwenyewe, yawezekana unalo lilelile.

"Sista mkubwa, nimeajiriwa mwaka jana. Asubuhi ya chanjo nina mama themanini na mwenzangu mmoja. Nikimngoja kila mmoja anyonyeshe, nitatoka saa mbili usiku. Wewe umeshastaafu, ni rahisi kusema."
Muuguzi, Embakasi

Mwanangu, hii ndiyo barua iliyonifurahisha kuliko zote, kwa kuwa ni mimi na yule daktari kijana wa mandazi, safari hii nimekaa upande wa pili wa meza.

Usimngoje. Mwambie mama aanze kunyonyesha kabla hajafika kwako. Weka viti viwili, au hata ndoo mbili zilizofunikwa, ndani ya mlango. Unapoandika kitabu cha huyu, mwambie anayefuata akae na amweke mtoto kwenye titi, mapaja nje. Wewe unaandika, unavuta dawa, unatoa matone, yeye anameza. Ukigeuka yuko tayari. Nilipima kwa saa ya ukutani wiki mbili na sikupoteza muda. Kwa kweli nilipata kidogo, kwa sababu sikuwa tena na watoto wanne wanaolia kwa pamoja wakiwaambukiza walio nje. Ulishaona? Mmoja akilia ndani, benchi zima la nje linaanza.

Jingine ni mkono wako. Bado mnavuta pistoni nyuma kutazama damu? Sisi tulifundishwa hivyo na nilivuta kwa miaka ishirini na kitu. Kwenye paja la nje la mtoto hakuna mshipa mkubwa wa kuogopa, na huko kuvuta kunaizungusha ncha ya sindano ndani ya nyama. Watafiti walewale wa Toronto walilinganisha mwaka 2007: wanaodungwa polepole kwa kuvuta, na wanaodungwa haraka bila kuvuta. Wa haraka waliumia kidogo kuliko wa polepole, bila shaka yoyote. Ingia, sukuma, toka, bonyeza kwa pamba. Usisugue.

Na usimwambie mama "haiumi". Mama anajua inauma, ametobolewa yeye mwenyewe miezi tisa. Ukimdanganya hapo, hatakuamini utakapomwambia kigumu cha paja ni cha kawaida. Mwambie "sasa nadunga", basi. Usimnyemelee mtoto kwa mgongo, usimnyang'anye mikononi. Wale wanaosema "kalisha haraka, kalisha haraka" nawajua. Nilikuwa mmoja wao, na mama mmoja wa Huruma aliwahi kuniambia, kwa upole tu, "Sista, huyu si gunia." Sijamsahau, na yeye hakurudi kwetu, alimpeleka mtoto kliniki nyingine kwa zilizobaki. Angalau alimpeleka.

"Sista, wa kwangu ana miezi minane na nusu. Sasa anatambua. Akiona koti jeupe tu anaanza. Ya surua tutafanyaje?"
Mama wa mapacha, Kibra

Mapacha! Basi beba mtu wa pili, maana yule atakayetangulia atamharibia mwenziwe. Mmoja akae nje na shangazi, mbali na mlango.

Sindano ya surua na rubela ya miezi tisa huingia juu ya mkono wa kulia. Kwa hiyo si lazima umvue nusu uchi, bega tu. Mkalishe mapajani pako akitazamana nawe, kifua kwa kifua, miguu imezunguka kiuno chako, mkono wa kushoto umepita kwapani kwako kama anakukumbatia, wa kulia umeushika wewe. Hapo sista anabaki upande, haonekani vizuri. Kama bado ananyonya, na aendelee, umri huu bado inafanya kazi, ila uwe tayari kuumwa na meno.

Uliza siku kabla hujatoka nyumbani. Chupa moja ya surua ni ya watoto wengi, na ikishafunguliwa haimalizi siku nzima, kwa hiyo baadhi ya kliniki hupanga siku maalumu ya kukusanya watoto. Usije ukapanda matatu mbili na mapacha ukaambiwa urudi Alhamisi.

Na mpe kila mmoja kitu ambacho nyumbani huwa mnamnyima. Si mwanasesere, mwanasesere amemchoka. Funguo, simu yenye video ya mbuzi, pochi ya kufungua na kufunga. Mpe palepale sindano inapokaribia, si mapema, ili kiwe bado kipya. Mjukuu wangu alipewa rimoti ya televisheni, ile ambayo hufichwa juu ya kabati. Haikuwa na betri. Alilia pumzi mbili, akaitazama, akaibonyeza kumwelekezea sista, na akaing'ang'ania hadi tulipofika kwenye steji.